Tanuri la Vyuo Vitatu

Siku ya kupokea vyombo, banda la tanuri pale chuo kikuu lilikuwa halina pa kukanyaga. Vyuo vitatu vya mji ule vilikuwa vimeungana ili vitumie vitu kwa pamoja. Kimoja kilitoa maktaba, chuo cha ualimu kikatoa karakana yake ya mbao, na chuo kikuu kikatoa lile tanuri kubwa la umeme la kuchomea vyombo vya udongo, maana vyuo vidogo havikuwa na ubavu wa kulinunua. Kwenye karatasi mambo yalikuwa matamu. Bandani yalikuwa msukumano.

Katikati ya msukumano huo akaingia mwalimu wa ufinyanzi kutoka chuo cha ualimu, gauni la bluu limemkaa sawasawa, mikononi trei ya mabakuli mabichi na miguuni, jamani, viatu vyeupe. Wanafunzi wake walimwita Bi Udongo, lakini siku hiyo aliamua kutofanana na jina.

"Dada, umekuja kuchoma vyombo au unapita kwenda harusini?" sauti ilimuuliza kutoka nyuma ya tanuri.

Alikuwa fundi wa tanuri, kijana mrefu mwenye aproni ya ngozi na nyusi zilizobabuka kidogo kwa joto.

"Nimekuja kuchoma vyombo vya chuo cha ualimu. Harusini nitakwenda nikialikwa."

"Basi ngoja Alhamisi, ndiyo zamu yenu."

"Leo ni Alhamisi, kaka yangu."

Fundi akatazama ratiba ukutani, akajikuna kichwa. "Kumbe. Basi nisamehe, ni viatu vyako vimenichanganya."

Bi Udongo alijitahidi kununa, akashindwa.

Jioni ile simu yake iliita. Namba alikuwa ameiacha bandani, kama kila mwenye vyombo.

"Tanuri limefika nyuzi mia sita," fundi akasema.

"Asante. Hiyo ni taarifa au ni salamu?"

"Vyote viwili. Nikupigie likifika mia saba?"

"Na wengine wote unawapigia?"

"Wengine hawana sauti kama yako."

Akapiga lilipofika mia saba. Akapiga lilipofika mia nane. Wiki iliyofuata akapiga na tanuri limezimwa kabisa, hana hata joto la kusingizia. Mama yake Bi Udongo, aliyekuwa akiishi naye, akachungulia kutoka jikoni. "Mwanangu, huyo kijana anauza majiko?"

Basi mapenzi yakashika. Kila baada ya vipindi Bi Udongo alikuwa na safari ya chuo kikuu, mara kuangalia vyombo, mara kusahau mwavuli. Walikunywa chai nyuma ya banda, migongo wameiegemeza kwenye ukuta wenye uvuguvugu. Yeye alimwita Kaa la Moto, naye fundi alimwita malkia wa matope, na kila mmoja alijiona amebahatika kuliko mwenzake.

Mwisho wa mwaka ukaja na balaa lake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Bi Udongo walikuwa wamefinyanga vyombo vyao vya mtihani, vikapelekwa bandani, vikapangwa rafuni kungoja zamu. Lakini wasahihishaji wangefika kabla ya zamu hiyo.

"Nitawaonyesha nini, vyombo vibichi?" alilalamika kwenye simu. "Hawa watoto wasipohitimu nitaziangalia vipi nyuso zao?"

"Usijali, mpenzi."

"Nisijali vipi?"

"Wewe niachie mimi."

Alidhani anabembelezwa tu, kama wapenzi wanavyobembelezana. Kumbe mwenzake alikuwa hatanii. Siku ya zamu ya chuo kikuu fundi akavitoa vyombo vile rafuni, akavichomeka katikati ya vyombo vya wenyewe, akawasha moto. Hakumwuliza mtu. Alitaka kumshtukiza.

Sasa sikia. Udongo wa chuo kikuu ni mweupe, unavumilia moto mkali sana. Udongo wa Bi Udongo ni mwekundu, unachimbwa nyuma ya chuo chake, na moto wake ni wa wastani. Fundi alilijua hilo vizuri. Asichojua ni kwamba safari hii wanafunzi walikuwa wamevichovya vyombo vyao kwenye udongo mweupe mwepesi kama uji, ili vipendeze. Yeye akaona weupe, akadhani ni udongo mweupe mtupu, akaridhika.

"Njoo asubuhi," alimpigia, furaha inamtoka hadi puani. "Nina zawadi yako."

Bi Udongo alifika akakuta mkuu wa idara ya sanaa ya chuo kikuu naye yupo na wanafunzi wake, wamekuja kuchukua vyao. Fundi akafungua mlango wa tanuri. Mabakuli ya udongo mwekundu yalikuwa yamelegea yakalala kama mishumaa iliyosahauliwa juani, yakanata kwenye rafu na kwenye sahani za watu. Msichana mmoja akaanza kulia taratibu.

"Nani ameingiza takataka hizi kwenye zamu yetu?" mkuu wa idara akauliza. Akamgeukia Bi Udongo. "Ni vyako hivi?"

"Ni vya wanafunzi wangu."

"Na umeviingiza kwa ruhusa ya nani?"

Bi Udongo alimtazama fundi. Fundi alitazama sakafu, akawa anavua glavu na kuzivaa tena. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Akamruka, hivihivi, mchana kweupe, na mwenzake akaondoka.

Simu zilimiminika siku ile. Alipokea moja.

"Mpenzi, nisikilize."

"Pale bandani mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Niliogopa. Ningemwaga unga palepale."

"Kwa hiyo ukaona nimwage mimi."

"Nilitaka kukufurahisha tu, wallahi."

"Ungeniuliza. Neno moja tu ningekujibu, ni udongo mwekundu, usichome." Akakata, akalia mpaka mama yake akaja kukaa kitandani pembeni yake, akamshika mkono.

Baraza la umoja wa vyuo likaitisha kikao. Chuo kikuu kilidai chuo cha ualimu kimeruka zamu na kuharibu mali ya watu, kwa hiyo kitolewe kwenye tanuri. "Tukitolewa," mkuu wa chuo chake alimwambia Bi Udongo mlangoni, "somo lako limekufa. Na wale watoto hawahitimu. Sema ukweli wako wote."

Ukweli wote ulikuwa na jina la mtu ndani yake. Alimwona fundi amekaa kiti cha nyuma, shati limepigwa pasi, macho mekundu, na moyo ukamsaliti papo hapo, kwa sababu alikuwa bado anampenda. Lakini alisimama.

"Vyombo ni vyetu," alisema, "ila hatukuruka zamu. Aliyeviingiza ni fundi wa tanuri. Mimi sikujua."

Mkuu wa idara akacheka puani. "Kila anayeharibu humsingizia fundi. Huyu ni mtu wetu, tunamfahamu."

Mwenyekiti, mama wa makamo aliyekuwa mkuu wa chuo cha tatu, akavua miwani. "Fundi, unasemaje?"

Njia ilikuwa wazi, imesafishwa na bosi wake mwenyewe. Angetikisa kichwa tu, yangekwisha. Bi Udongo alifumba macho.

"Anasema kweli," fundi akajibu, akisimama. "Hakuniomba. Nami sikumwuliza. Nilimpenda, nikadhani kumpenda kunatosha. Na siku ile mlipomwuliza mbele yangu nilinyamaza. Hilo ndilo baya zaidi."

Baraza likaamua. Chuo cha ualimu kibaki, wanafunzi wafinyange upya, wasahihishaji waombwe wasubiri, na vyombo vyao vichomwe kwanza. Fundi aondolewe kwenye tanuri, apelekwe stoo ya madawati.

Bi Udongo alimkuta nje karibu na geti, mikono mfukoni.

"Umemwaga unga," alimwambia.

"Nimebakiza wa kuokoteza."

"Utalikumbuka lile tanuri."

"Nimeshaanza kulikumbuka."

Wanafunzi walipita na mikoba yao.

"Bado nina hasira," Bi Udongo akasema. "Vyombo vinafinyangwa tena. Ni kule kuninyamazia ndiko kunaniuma."

"Najua. Kunaniuma na mimi."

"Siku nyingine ukitaka kunifanyia jema lolote, lolote lile, niulize kwanza."

Fundi akatoa mikono mfukoni. "Basi nakuuliza. Nikuoe?"

"Hapa, getini?"

"Ningetafuta mahali pazuri zaidi. Lakini ningekuwa nimepanga peke yangu tena."

Bi Udongo akacheka, kisha machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Nioe," akasema. "Ila kwa mama yangu utaenda kusema mwenyewe. Usinitume mimi, na usitazame sakafu."

"Sitatazama. Tumpigie sasa hivi?"

Akampa simu. Iliita kidogo tu, mama akapokea, na fundi akaanza kusema kwa sauti kubwa kiasi kwamba walinzi wa geti waliacha kazi wakamsikiliza.