Jaribio la Sita

Walikutana stendi ya Same, kwenye duka la fotokopi la Hezroni, siku mashine ilipoyameza majaribio ya Eliwaza ya kujiandaa na mtihani wa kuingia chuo cha biashara. Binti gauni la njano, jasho usoni, hasira tele.

"Kaka, umenikwamishia maisha yangu humo!"

"Kaa basi, mrembo, nikuokolee."

Miezi miwili baadaye walikuwa wapenzi wa kupigiana simu hata wakila.

Tatizo Edgar. Kijana wa mtaa wa Kighare, aliufaulu mtihani huo mwaka jana. Ndiye aliyempa Eliwaza majaribio sita, na kila jioni alimhesabia dakika kwa simu, kisha akamsahihishia. Hezroni akimsikia tu Eliwaza akisema "Haya Edgar, anza kuhesabu," roho ilimuuma. Wivu, jamani!

Jaribio la sita Eliwaza alilitia kwenye bahasha. "Nitunzie mpaka Jumamosi, mpenzi. Nikikaa nalo nitachungulia, na nikishaliona halinipimi tena."

Ijumaa Hezroni akaifungua bahasha, akalijaza jaribio lote kwa kalamu ya wino. Eti naye aonekane ana akili!

Jumamosi Eliwaza alilikodolea macho, akayapitia majibu moja baada ya jingine. "Hezroni, umefanya nini?"

"Kwani Edgar ana nini nisichokuwa nacho?"

"Ana majibu sahihi! Wewe umekosa kumi na nane, na mimi maswali nimeshayaona. Mtihani ni Jumatatu!" Machozi yakamtoka. "Edgar alinitaka, nikamkataa kwa ajili yako. Sasa mpigie, umwombe jaribio lingine. Wewe, siyo mimi. Ukishindwa, tusijuane."

Hezroni alipiga. "Kaka Edgar... shikamoo."

Walilingana umri, lakini Edgar aliitikia. "Marahaba. Sema."

Akaeleza yote. Edgar akaguna.

"Ninalo moja, nalituma sasa hivi. Ila mpime mwenyewe. Mimi nimechoka. Kila akipata vizuri ananikatia simu, eti anawahi kumwambia Hezroni."

Hezroni aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na furaha ikamjaa humohumo.

"Amesemaje?" Eliwaza aliuliza.

"Nikupime mimi."

"Utaweza kukaa saa nzima bila kuniuliza nani kanipigia?"

"Nitajikaza." Akachapa karatasi, akaziweka mbele yake, akatazama saa. "Anza, mke wangu."

"Mke wako tangu lini?"

"Jaza kwanza. Muda unakwenda."