Sauti Nyuma ya Mlango wa Yulin

Droo ilikuwa wazi, ufunguo ungali kwenye tundu lake, na pasipoti haikuwamo.

Bwana Fang aligundua hilo Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, katika fleti yake ya ghorofa ya tatu mtaani Al-Baghdadiyah, Jeddah. Alikuwa anapanga mkoba wa safari. Jumamosi asubuhi binti yake, Yulin, alitakiwa kuwa Riyadh kufanya mtihani wa Kiingereza wa kuingilia chuo, na kwenye mlango wa mtihani hawataki kopi wala picha ya simu. Wanataka pasipoti yenyewe. Yulin alishaufanya mtihani huo mara mbili, na mara zote mbili akaanguka. Mke wa Bwana Fang alikuwa kwao China, akipiga simu kila siku kuuliza kama mtoto anasoma.

Alitoa karatasi zote, akaitikisa droo, akapiga magoti kuchungulia chini ya meza. Kisha akasimama na kumwita Truphena, mfanyakazi wa nyumbani.

Hakumuuliza kama ameiona. Alisema, "Umeiweka wapi?"

Truphena, Mkenya wa Vihiga, alikodishwa kwa Bwana Fang na kampuni ya wafanyakazi wa ndani. Kufikia saa moja kampuni ilikuwa imepigiwa simu na imejibu: mandubu wao, yule anayeshughulika na karatasi za watu, atakuja kesho baada ya sala ya Ijumaa amchukue hadi polisi. Kampuni haikuuliza kama Bwana Fang ana hakika. Jenereta la kukodi likisumbua hurudishwa lilikotoka, na wao walimhesabu Truphena hivyohivyo.

Truphena alituma ujumbe mmoja tu wa sauti. Aliutuma kwa Rosebellah.

Rosebellah, ambaye Wakenya wa Jeddah wanamwita Mama Ashley, alikuwa koplo wa upelelezi Kakamega kabla hajaja kusimamia walinzi wa kike katika bandari ya Jeddah. Bwana Fang alimjua, kwa sababu kila asubuhi alipita mbele yake akienda ofisini kwake bandarini. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba mwanamke huyu hasahau. Alimkumbuka Terry, aliyesingiziwa cheni ya dhahabu huko Riyadh miaka sita iliyopita. Cheni ilipatikana siku ya nne, chini ya godoro la madam mwenyewe. Lakini Terry alikuwa ameshawekwa ndani, na walioipata cheni hawakuona haja ya kwenda kusema. Alikaa korokoroni miezi minane, kisha akarudishwa kwao na viatu vya plastiki. Rosebellah ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege.

Ijumaa saa mbili asubuhi alibisha mlango wa Bwana Fang.

"Sikuja kukugombeza," alimwambia kwa Kiingereza. "Mandubu anakuja saa saba. Nipe mpaka hapo. Nikikosa, hujapoteza kitu."

Bwana Fang aliitazama saa yake, akampisha.

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Jumatano jioni. Nilitoka nayo ofisi ya viza, nikairudisha kwenye droo."

"Ulikuwa umeibeba wapi?"

"Mfukoni mwa koti. Lakini niliitoa. Nakumbuka vizuri kabisa."

"Na ufunguo?"

"Unakaa kwenye kikombe cha kalamu. Kila mtu humu ndani anajua."

"Kila mtu ni nani?"

"Binti yangu, na huyo."

"Huyo ana jina. Aifanyie nini?"

"Kuuza. Au wivu. Kila alasiri anajifunza Kiingereza na binti yangu, anajiona mwanafunzi."

"Kuuza!" Rosebellah alicheka bila furaha. "Amuuzie nani uso wa msichana wa Kichina, Bwana Fang? Amuuzie Mkenya?"

Rosebellah alizunguka fleti polepole. Mlango wa kutokea ulikuwa mbele, karibu na chumba cha Yulin. Jikoni kulikuwa nyuma, mwisho wa korido inayopinda, na mtu aliyeko jikoni haoni mlango huo. Pembeni mwa mlango kulikuwa na ndoana mbili. Moja ilikuwa na mwavuli, ya pili ilikuwa na kiango kitupu cha nguo.

Yulin alimpokea chumbani kwake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, macho yamevimba. Ukuta mzima ulibandikwa vikaratasi vya rangi.

"Haya yote unayakariri?"

"Ndivyo tunavyofanya," Yulin alisema. "Waliokwisha kufanya mtihani wanakumbuka maswali, wanayaweka kwenye kundi letu la simu. Sisi tunaandika majibu, tunayakariri. Baada ya miezi michache waliotunga wanabadilisha maswali, tunaanza upya."

"Yalibadilishwa lini mara ya mwisho?"

"Wiki hii." Alilisema kwa sauti ndogo.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa, tangu saa nane na nusu. Mlango nilifunga. Nasema kwenye simu, najirekodi, halafu najisikiliza."

"Hupumziki?"

"Adhana tu. Ile spika ya msikiti inatazama dirisha langu. Simu inachukua sauti ya mwadhini, yangu inapotea. Kila siku nasimama mpaka amalize."

"Na jana pia?"

"Jana pia."

"Ulikuwa unajibu maswali gani?"

"Mapya. Ya zamani hayana kazi tena, nimeyaacha yote."

Rosebellah alishukuru, akaenda jikoni.

Truphena alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Mama Ashley, sikuichukua. Naapa kwa mama yangu."

"Mwache mama yako apumzike. Jana Yulin alitoka chumbani?"

"Hapana."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia. Alikuwa anaongea tu tangu saa nane na nusu, bila kunyamaza. Hata adhana ya alasiri ilikuja ikapita, yeye yuko tu kwa ule mto wao."

"Mto gani?"

"Kuna swali la kuelezea mahali penye maji. Yeye husema mto wa kwao, na daraja, na nyanya yake akiosha mboga. Nimeisikiliza hiyo hadithi mpaka hata mimi nikiamshwa usingizini naijibu."

Rosebellah alivuta kiti akakaa. "Truphena, unajua unachofanya? Unaniambia msichana hakutoka chumbani. Maana yake humu ndani aliyekuwa huru ni wewe peke yako. Unajifunga kwa mdomo wako."

"Sasa nidanganye?" Machozi yalianza kumtoka. "Nilimsikia. Niseme sikumsikia?"

"Hapana, usidanganye. Nani mwingine aliingia?"

"Hakuna."

Jibu lilitoka kabla swali halijaisha. Rosebellah aliliweka akilini, akauliza lingine. "Kwenye ndoana ya mlangoni kunakaa nini?"

"Koti la bosi, lile la kijivu. Naona halipo. Nilidhani Duncan amelipeleka kwa dobi."

Duncan, dereva wa nyumba hiyo, alikuwa chini akiosha gari. Ni kijana wa Bungoma, mwenye maneno mengi.

"Jana nilikuwa hapa kwa geti, mama. Saa nane mpaka bosi akarudi. Hakuna mtu aliingia, hakuna mtu alitoka. Hata paka."

"Jua la saa tisa, Jeddah hii, umekaa kwa geti?"

"Nimezoea. Mimi ni kama mjusi."

"Na chooni?"

"Niko na kibofu cha ngamia."

Rosebellah alichukua kitambaa mkononi mwake, akafunga mfereji. "Duncan, sikiliza. Baada ya sala mtoto wa watu anapelekwa polisi, na nusu ya kamba inayomfunga ni hayo maneno yako. Umesema hakuna aliyepita getini. Ukisimama mbele ya bosi, utayarudia?"

Duncan aliangalia juu, kwenye madirisha. Utani ulimwisha usoni.

"Nilipanda jikoni," alisema. "Alinipa chai. Ni chai tu, mama, haki ya Mungu. Lakini mwanaume na mwanamke jikoni, bosi hayupo, hapa Saudia? Si tungeenda ndani sisi wawili? Tukakubaliana tunyamaze."

"Ulipanda saa ngapi?"

"Kama saa tisa. Nikashuka adhana ikiisha."

"Kwa hiyo geti lilikuwa tupu."

"Lilikuwa tupu."

"Koti la bosi ulilipeleka wewe kwa dobi?"

"Koti? Mimi sijapewa koti."

Rosebellah alimrudishia kitambaa. Alivuka barabara mpaka kwa dobi wa pembeni. Palikuwa pamefungwa. Kibao kilisema Ijumaa wanafungua baada ya sala.

Saa tano na nusu aliwakalisha wote wanne sebuleni. Bwana Fang hakupenda dereva na mfanyakazi wakae kwenye viti vyake, lakini Rosebellah alishawaambia wakae, wakakaa.

"Pasipoti ilikuwa na walinzi wawili," alianza. "Mmoja ni Duncan, aliyesema hakuna aliyetoka getini. Amedanganya. Alikuwa jikoni anakunywa chai, na aliogopa kusema kwa sababu mnazozijua. Sauti ya Yulin ilikuwa mlinzi wa pili. Ilisikika mchana kutwa, kwa hiyo Yulin alikuwa chumbani."

"Alikuwa chumbani," Bwana Fang alisema.

"Yulin, umeniambia adhana ikianza unasimama, na jana ulisimama. Truphena anasema sauti yako haikukatika."

"Basi huyo ndiye mwongo!"

"Mwongo wa namna gani, Bwana Fang? Angetaka kujiokoa, angesema kulikuwa kimya, chumba kilikuwa kitupu. Maneno yake yamemfunga yeye na kumkinga binti yako. Bila kujua, amesema ukweli uliomuumiza." Alimgeukia Yulin. "Tena umesema jana ulijibu maswali mapya. Truphena alisikia mto, daraja na nyanya yako na mboga. Hilo si swali la zamani?"

Yulin alitazama zulia.

"Sauti iliyosikika jana haikuwa ya jana. Ulirekodi siku nyingine, ukaiwacha simu inasema peke yake, na simu haijui kunyamaza adhana ikipigwa. Mwenye sauti alitoka. Na koti la baba yako lilitoka naye, maana Truphena hakulipeleka, Duncan hakulipeleka, na baba yako alikuwa kazini. Koti likitoka humu huenda kwa dobi, na dobi anafungua baada ya sala. Duncan ataenda. Tungoje, au utasema?"

Bwana Fang alisema jambo kwa Kichina, fupi, kama mtu anayeita. Yulin alijibu kwa Kiingereza, ili wote wasikie. Hakikuwa Kiingereza cha vile vikaratasi. Kilijikwaa, kikarudi nyuma.

"Ningeanguka tena. Maswali yamebadilika, kichwani sina kitu. Baba ameshawaambia wote nyumbani, mpaka babu, kwamba safari hii nafaulu. Bila pasipoti siwezi kufanya mtihani, na kama siwezi kufanya, sijaanguka." Alifuta pua. "Niliiweka mfukoni mwa koti. Jumapili ningemwambia Baba koti lake liko kwa dobi, akalichukue. Angeikuta. Angedhani amesahau mwenyewe, angecheka, angemwomba Truphena msamaha. Nilifikiri atagombezwa tu. Mimi nagombezwa kila siku."

"Wewe una Jumapili," Rosebellah alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Duncan aliyemzoea alisogea nyuma kwenye kiti. "Sisi hatuna. Mkituita wezi Alhamisi, Ijumaa tuko ndani, na Jumapili hakuna anayekumbuka kuja kutufungulia. Nimemwona mmoja Riyadh. Kitu kilichopotea kilipatikana, lakini yeye hakuna aliyemtafuta."

Truphena alimwangalia Yulin.

"Jana ulikula wali wangu," alisema. "Baba yako alikuwa ananipigia kelele, na wewe ulikuwa unakula."

Yulin alijiinamia mpaka paji likagusa magoti.

Sala ilipokwisha Duncan alikwenda kwa dobi. Kabla hajarudi, mandubu aliingia na mkoba wa ngozi, akanusa harufu ya sebule, akauliza kwa Kiarabu ni yupi. Bila kungoja jibu alifungua mkoba na kuweka mezani pasipoti ya Kenya. Ya Truphena. Kampuni ilikuwa imeitoa kwenye kabati la ofisi kwa ajili ya kumsafirisha.

Mlango ukafunguliwa. Duncan alikuwa na koti la kijivu mkononi, na juu ya koti pasipoti ile nyingine, yenye nembo ya China. "Dobi alikagua mifuko," alisema. "Alikuwa ameiweka kwenye droo yake, anangoja mwenyewe."

Bwana Fang aliichukua, akaifungua, akaifunga. "Halas," alimwambia mandubu. "Imepatikana. Mafi mushkila, hakuna shida. Aendelee na kazi."

"Hapana," Rosebellah alisema. "Jana ulimpigia simu ukasema ameiba. Leo mwambie hakuiba, hapahapa, na aliyeitoa ni nani."

Kisha Bwana Fang akasema. Alilisema neno kwa neno, hakumtazama binti yake, na shingo yake ilikuwa nyekundu.

Mandubu aliinua mabega, kama mtu aliyesumbuliwa bure siku ya mapumziko. "Tayyib. Yalla, rudi kazini," akanyoosha mkono kurudisha pasipoti kwenye mkoba.

Mkono wa Truphena ulitangulia.

"Hiyo inakaa ofisini," mandubu alisema.

"Sheria ya nchi yako inasema inakaa kwa mwenyewe," Rosebellah alimwambia. "Twende tukaulize pamoja ofisi ya kazi? Mimi nina mchana mzima."

Mandubu alimtazama, akamtazama Bwana Fang apate msaada. Bwana Fang alikuwa anatazama koti. Mkoba wa ngozi ulifungwa.

"Rudi kazini," mandubu alirudia, sasa kwa sauti ya kawaida.

Truphena alikuwa amefungua ukurasa wa picha, anauangalia kwa makini, kidole chake juu ya jina lake.