Nilikataa Matanga ya Kaka Yangu

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, wa kijiji kimoja juu ya Njombe, kule ambako baridi inauma masikio hata jua likiwa limeshapanda. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye kitabu cha nyimbo cha mama, nikifuata kidole chake kanisani. Kwa hiyo nikikosea mnisamehe... ila msinicheke! Nina hasira za karibu mimi, kwetu wananijua.

Nyumbani tulikuwa watatu tu: mama, kaka yangu Lusungu, na mimi Eliza. Baba alikufa zamani akatuachia shamba na kichaka cha mianzi.

Wasomaji wenzangu wa mbali labda hamjui mambo ya mianzi. Kwetu mvua zikianza, mgemaji anakata ncha ya mwanzi mchanga, anafunga kopo chini yake, na maji yake yanadondoka humo. Huo ndio ulanzi. Lakini mwanzi una wivu jamani! Lazima uukate kidogo asubuhi, uukate tena jioni, kila siku. Ukiutupa, unafunga kidonda chake, na mwaka huo umeukosa.

Baba alikuwa na namna yake ya kuziba mdomo wa kopo ili nyuki wasiingie. Alisuka majani kama nywele za msichana, akaacha mkia unaning'inia nje. Kaka akairithi. Mgemaji mwingine wa namna hiyo sijamwona.

Basi, kaka akaenda manamba. Vijana wengi walikuwa wanakwenda kukata mkonge Tanga, ili wapate kodi ya Serikali na shuka la mama. Alipanda lori pamoja na rafiki yake Mgaya, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Akanipigia kelele kutoka juu ya lori:

"Eliza! Mianzi ya baba asiiguse mtu! Nitakuja kuigema mwenyewe!"

Nikamwambia atakayeigusa nitamng'ata. Watu wakacheka. Mimi sikuwa natania...

Mkataba wao ulipokwisha, Mgaya alirudi peke yake. Alikuwa na blanketi jipya na taa ya chemni, lakini macho yake hayakutulia. Akasimama mlangoni akasema Lusungu amekufa kwa homa, wamemzika kulekule.

Mama alianguka chini kama gunia! Ndugu wakajaa, vilio vikaanza, wembe ukaletwa, watu wakanyolewa kichwa mmoja baada ya mwingine.

Mimi nilikataa.

Nilimuuliza Mgaya mbele ya watu wote: wewe ulimtupia udongo? Kaburi liko upande gani wa njia? Amevikwa nguo gani? Akawa anababaika, mara hivi, mara vile. Damu ikanipanda. Nikachukua mwiko wa ugali nikampiga nao mdomoni, jino likatoka!

"Mtoto gani huyu!" mjomba akafoka. "Anapiga watu kwenye msiba!"

"Msiba wa nani?" nikamjibu. "Mimi sijafiwa!"

Tangu siku hiyo nikawa kichekesho. Nikienda kisimani wasichana wanaulizana kwa sauti, eti, dada wa mzimu leo amemwachia kaka yake ugali? Nilipigana nao, nikapasuka mdomo, nikawapasua na wao. Je, ningefanya nini? Kaka yangu ndiye alinibeba mgongoni baba alipokufa. Nimnyolee nywele kwa maneno ya mtu anayebabaika?

Mama alinyolewa, lakini mianzi hakuruhusu mtu aiguse. Mvua zikaja, mvua zikaisha, ulanzi wa majirani ukanyweka, na kichaka chetu kimesimama tu.

Halafu mama akaanza kukohoa. Chakula kikamshinda, dawa ya zahanati ikamshinda. Akawa mwepesi kama kapu tupu. Mvua zilipoanza tena alikuwa ananiuliza neno moja tu: "Mianzi imechipua?"

Nikaona mama anakwenda hivihivi, hajui mwanawe yuko hai au yuko udongoni! Nikamwacha na shangazi, nikaomba nafasi kwenye lori la magome ya miti ya miwati, nikashuka Makambako. Pale ndipo njia zinapokutana, malori ya manamba yote yanapita. Nilisema nitamuuliza kila dereva mpaka mmoja aniambie kitu.

Niliuliza mpaka sauti ikakauka. Upepo wa Makambako unanijaza vumbi machoni, na madereva wananiambia manamba ni wengi kama siafu, nani atamjua mmoja?

Nikaenda kukaa kwenye baraza ya duka moja. Mama mmoja alikuwa anauza ulanzi pale. Nikatazama makopo yake...

Mungu wangu! Kopo moja limezibwa kwa majani yaliyosukwa, mkia unaning'inia nje!

"Mama, huu amegema nani?"

"Mkono Mmoja."

"Mkono Mmoja ndiye nani? Anakaa wapi?"

"Wewe binti, unanunua ulanzi au unatafuta mchumba?"

Wanywaji wakaangua kicheko. Nilikuwa nimeshaondoka mbio.

Nilimkuta bondeni nyuma ya maduka, penye mianzi. Amekaa kwenye gogo, anasuka majani, ncha moja ameishika kwa meno. Mkono wa kushoto umeishia karibu na kiwiko. Lusungu! Kaka yangu mwenyewe, mzima, amenenepa mashavu!

Nilidhani nitamkumbatia. Nilimzaba kofi.

Hakurudisha. Alilia tu, akanieleza. Mashine ya kukamulia mkonge ilimkamata mkono. Alipotoka hospitali akamwapisha Mgaya aje kusema amekufa. Yeye akafika Makambako, akashindwa kuendelea... Toka mvua zilizopita yupo pale! Kutoka kwetu ni mwendo wa siku mbili kwa miguu!

"Nitashikaje jembe, Eliza? Nirudi nilishwe na mama? Afadhali mumlie mtu mzima kuliko kumtazama nusu."

Akataka niape kwamba sikumwona. Wasomaji, mimi kwa kaka yangu ningeapa kitu chochote. Siku ile sikuapa. Nilimwambia mama anakufa, na kinachomuua ni yeye. Nilimwambia nimepigana na kijiji kizima kwa ajili yake, na kama haji, leo hii ninanyoa nywele na kwangu amekufa kweli!

Asubuhi nilimkuta kwenye lori la kurudi kwetu, ameketi juu ya magunia.

Tulishuka njiani tukatembea. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Tulipofika kijitoni chini ya nyumba yetu, akasimama. Akasema nitangulie kwanza, nimwambie mama. Nilimwacha pale. Je, akikimbia?

Mama alikuwa amelala karibu na moto. Akafungua macho.

"Umepata habari?"

"Yuko kijitoni, mama. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Hana mkono."

Nilisikia kuni zinalia motoni.

"Upi?"

"Wa kushoto."

"Basi kisu anashika," akasema mama, akaanza kuinuka.

Shangazi akapiga kelele, mvua, baridi, mgonjwa huyu! Mama hakusikia. Tukamshika huku na huku, tukateremka naye.

Kijitoni hapakuwa na mtu.

Nilipiga ukunga! Nikamtukana Lusungu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama akanibana mkono kwa nguvu, akanyoosha kidole kwenye mianzi ya baba. Nikasikia... kra, kra, kra. Kisu!

Alikuwa ndani ya kichaka, ameubana mwanzi kwa kwapa, anakata ncha. Mama aliingia hukohuko kwenye majani mabichi, akakishika kile kigutu akakiweka shavuni. Hata mimi, mwenye mdomo wangu huu, nilinyamaza.

Kaka akagema asubuhi, akagema jioni. Lakini mwanzi ulioachwa una kiburi, hautoi upesi. Siku kopo lilipopata tone la kwanza la maana, kaka alikuja nalo mbio ndani. Mama alikuwa ameshakwenda, mkono wake uko mkononi mwangu.

Hakuonja! Laiti angerudi mvua zile zilizopita...

Wembe ulipoletwa, safari hii niliinamisha kichwa mwenyewe. Aliyeninyoa ni Mgaya, na pengo lake. Nilimwomba radhi nikilia. Akasema, "Tulia basi. Mwiko uko wapi? Uwekeni mbali."

Ndugu zangu, mimi sina elimu, nina mdomo tu. Lakini wewe unayesoma hapa, uko Tanga, uko Kongwa, uko migodini, umejificha kwa sababu umekatika, au umefungwa, au umerudi mikono mitupu... Rudi! Rudi hivyohivyo ulivyo! Unadhani wanangoja blanketi na taa? Kuna mama amelala karibu na moto, anauliza kama mianzi imechipua. Usingoje aibu ikuishe, atakwenda kabla.

Kaka yangu anagema mpaka leo. Kopo la kwanza kila asubuhi analimwaga kaburini kwa mama, na mimi huwa namfuata nyuma. Sitaki akapotee tena.