Mzimu wa Jumba la Wexcombe Alipomwona Mumewe

Nilimwona mume wangu ameshikana mkono na binti mwingine... na sikuweza kupiga kelele, kwa sababu muda huo mimi nilikuwa marehemu!

Msinicheke jamani. Ni kazi.

Naitwa Glenda. Miaka saba sasa mimi ndiye mzimu wa Jumba la Wexcombe, huku kwetu mkoani Shropshire. Watalii wanapandishwa ngazi, wanasimuliwa habari za bibi harusi aliyekufa akimsubiri mchumba wake, halafu natokea juu na shela na mshumaa. Nalia kidogo. Napotelea kwenye mlango wa siri ukutani. Basi.

Nikivua shela nakimbilia mgahawani, kuwapelekea watalii wale wale chai na skonzi. Hakuna hata mmoja anayenitambua.

Nimechoka, ndugu zangu. Magoti yamekwisha.

Sasa Jumamosi hiyo Nigel, mume wangu, aliniaga anapeleka trekta kwa fundi, Ludlow. Nikamwambia poa.

Natokea juu ya ngazi, nalia kama kawaida... nani yule kati ya watalii?

Nigel! Na shati nililompigia pasi mimi mwenyewe!

Amemshika mkono binti wa koti jekundu. Akamnong'oneza, akaninyooshea kidole. Binti akacheka.

Moyo ulinipasuka paa!

Sheria ya kwanza ya mzimu ni kutosema neno. Nikajikaza, nikajikaza... nikashindwa.

"NIGEL!"

Mama mmoja akadondosha mwavuli. Watu wakapiga mayowe, halafu wakapiga makofi.

"Mzimu umemwita mtu kwa jina!"

"Leo tiketi imelipa!"

Nigel alikuwa mweupe kuliko shela yangu.

Nikashuka kwa ngazi za nyuma nikiwaza jambo moja tu: ndoa yangu ya miaka ishirini na sita ndiyo imekwisha hivyo, na mimi bado nina meza za kuhudumia.

Nikawakuta wameketi dirishani. Mnadhani nilimmwagia birika? Thubutu. Huku kwetu mtu hafanyi fujo mgahawani hata akiwa anakata roho. Nikapanga vikombe, nikaweka jamu, nikaweka krimu.

"Maziwa?" nikamuuliza binti.

"Kidogo tu, asante."

"Na wewe bwana? Trekta imepona?"

Nigel akasukuma kikombe pembeni. "Glenda, kaa kwanza."

"Niko kazini. Huyu ni nani?"

"Anaitwa Bethan. Amekuja kuangalia kazi."

"Kazi gani?"

Nigel akachezea kijiko.

"Kazi gani, Nigel?!"

"Yako."

Jamani! Heri angekuwa mchepuko!

"Yaani umenitafutia mrithi ningali hai?"

"Kila usiku nakuchua magoti, mke wangu. Kila usiku nakuuliza umechoka? Unanijibuje?"

Nikajifanya nafuta meza.

"Unanijibu 'niko sawa.' Miaka yote, niko sawa! Nikaona nikamwone meneja. Ubaki na chai tu, na Jumapili uwe nyumbani. Ila kukwambia... niliogopa."

"Ukaona bora unizunguke."

"Nimekosea. Nisamehe."

Nilikuwa na maneno ya kumchamba mpaka jumba lifungwe. Lakini Bethan akaingilia, skonzi bado mkononi.

"Mama, mimi sidhani kama nitaiweza. Kubeba mshumaa naweza. Ila kile kilio... mwili wote ulinisisimka, ikabidi mumeo anishike mkono nisikimbie, nikacheka kwa woga. Unaigizaje vile? Nifundishe."

Nikafungua mdomo nimfundishe. Hakukuwa na cha kufundisha.

Maana sijawahi kuigiza.

Miaka saba, pale juu ya ngazi ndipo mahali pekee nilipojiruhusu kulia. Nikishuka nafuta uso, navaa tabasamu, nasema niko sawa.

"Siigizi," nikamwambia.

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini Nigel aliisikia. Akaweka kisu cha jamu chini, akanivutia kiti. Nikakaa. Sikuwahi kukaa kwenye mgahawa ule hata siku moja. Akanimiminia chai yeye mwenyewe, nami nikalia mbele za watu, bila shela, na hakuna aliyekatiwa tiketi.

Msidhani nilimwachia kirahisi. Nilimnunia wiki nzima kwa kunizunguka! Lakini Jumapili tulienda baa ya kijiji cha pili, tukala nyama ya oveni na viazi, tukahudumiwa na mtu mwingine. Nilimaliza sahani yote.

Wewe unayesoma hapa, leo ulipoulizwa hali ulijibuje? Mwenzio hawezi kubeba uchovu unaomficha. Mwambie angali anauliza.

Bethan ndiye mzimu sasa. Watalii wanalalamika kwamba analia vibaya, hata chozi halitoki.

Nimemwambia aendelee hivyo hivyo.