Diski Isiyozunguka

Fundi kompyuta alikuwa ameapa kwamba diski mpya haitoi sauti. "Haina kitu cha kuzunguka ndani, mama. Na memori nimekuongezea mara mbili. Kikongwe chako sasa kitapaa!" Alipouliza ahamishe mafaili gani, mjane yule mshonaji alimjibu bila kufikiri, "Hamisha yote. Usiache hata chembe." Ndani ya laptopu ile kuukuu mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe, aliyependa kujirekodi akisimulia vituko vya kazini, na haikuwa imebaki mahali pengine popote duniani.

Kwa hiyo alipoiwasha nyumbani jioni ile na kusikia kitu kikizunguka ndani, alishangaa kidogo tu. Kisha akasikia kikohozi.

Alisimamisha cherehani, akatega sikio. Harufu ya udongo mbichi ilitanda chumbani, na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Spika zikakwaruza. Sauti ya mumewe, ile ile ya kukokota maneno, ikauliza: "Mbona umekonda hivyo, mke wangu?"

Maneno hayo marehemu hakuwahi kuyarekodi. Mjane akachomoa waya, akatoa betri, akaifunika laptopu kwa shuka aliyokuwa akiishona, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga kabati, na chini ya shuka ile sauti ikaendelea, taratibu, kumweleza jinsi anavyolala upande mmoja wa kitanda, jinsi anavyopika cha watu wawili akamwaga nusu, mambo ambayo hakuna binadamu aliyewahi kumuuliza tangu mazishi, naye akajikuta analia, na akilia hivyo akajikuta anajibu.

Kaka yake alipoona dada mtu ameacha kazi, amebaki mifupa na anaongea peke yake, alimleta mganga. Mganga alinusa hewa pale mlangoni, akagoma kuingia.

"Ni jini," alinong'ona. "Lilikuwa limelala kwenye diski ya zamani. Mmelihamisha, mkalipanulia na nafasi. Linakunywa uhai wako, mama. Kulitoa kunawezekana, ila mwenye nyumba ndiye wa kulifukuza. Sema tu: toka."

"Na sauti ya mume wangu?"

"Itakwenda nalo."

"Sema, dada, nakusihi," kaka alinong'ona.

Mjane alifungua kinywa. Aliwatazama wote wawili waliosimama nje, akafikiria jinsi kila mmoja atakavyorudi kwake, na ukimya utakaobaki humu ndani. Akafunga mlango polepole na kugeuza ufunguo.

Kaka aligonga, akaita, akabembeleza mpaka sauti ikamkauka. Chini ya shuka kitu kikacheka. Hakikujisumbua tena kumwigiza marehemu. Kilizungumza kwa sauti yake chenyewe, nzito, isiyo ya mume wala ya mke.

"Unajua kwamba mimi siye yeye," kilisema.

"Najua," mjane alijibu, akavuta kiti karibu.