Ujumbe wa Thelathini na Moja

Siku ya kwanza Lina alidhani ni uzee wa mashine tu. Alikuwa amepiga magoti sebuleni akimvua mtoto wake Abigaël koti, nyimbo za kwaya zikiimba kwenye kompyuta kama kila alasiri, mara wimbo ukakatika katikati. Spika zikakoroma kidogo, kisha sauti ya mama yake ikasema:

"Odi! Odi humu!"

"Karibu, maman," Lina akajibu bila kuinua kichwa.

Ndipo mkono wake ukaganda kwenye zipu. Mama yake alikuwa amezikwa Uvira mwezi wa tisa, na huu ulikuwa mwezi wa kumi na mbili.

Akacheka peke yake, kicheko kifupi cha aibu. Alijua sauti ile imetoka wapi. Mama yake, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, hakujua kuandika, kwa hiyo alikuwa akituma sauti yake kwenye simu, na kila ujumbe aliuanza kwa kupiga hodi. Simu au si simu, alisema, nyumba ya watu haiingiwi hivi hivi. Na kila mara, huku Brussels, ghorofa ya tatu kule Schaerbeek, Lina alijibu karibu kwa sauti kabla ya kusikiliza yaliyofuata. Mama alipofariki, zilikuwa zimebaki jumbe thelathini na moja. Simu ilikuwa imejaa, basi mume wake Élisée akazihamishia kwenye kompyuta, na Lina akaziweka kwenye programu ya muziki pamoja na kwaya. Hakuwa bado na moyo wa kuzisikiliza. Ilimtosha kujua zipo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa zawadi. Wivina, bibi wa Kibelgiji wa ghorofa ya chini, aliyewahi kuwa mkunga Bukavu, alikuwa amenunuliwa mpya na mwanawe. Ile ya zamani mwana akaipandisha ngazi zote mwenyewe, na juu yake bibi akaweka keki iliyofunikwa kitambaa. Lina hakukisahau kile kitambaa, kwa kuwa kilikuwa kimepigwa pasi. Lakini hata Wivina hakuambiwa habari ya msiba. Jengo zima hakuna aliyejua. Lina alikuwa amelia bafuni, bomba likiwa wazi.

"Bon, umeweka nyimbo na sauti ya maman fasi moya," Élisée alisema asubuhi iliyofuata, akifunga viatu. "Programme inachanganya tu. Banaita aléatoire. Angalia, nimezima."

"Ilianza yenyewe, chéri."

"Ile mashine iko na miaka dix, Lina. Hata mie nikifikisha miaka kumi ku ile kazi, nitaanza kusema peke yangu."

Élisée alikuwa msafishaji katika hospitali kubwa ya Jette. Alitoka kabla ya saa sita mchana na kurudi wao wamekwisha kulala. Kila alipotoka aliacha chai ya Lina imefunikwa kisosi ili isipoe. Lina aliinywa taratibu kwa sababu ikiisha, siku nzima iliyobaki haikuwa na mtu.

Alasiri ile aliifunga programu kabisa. Saa kumi na nusu, giza la baridi lilipokuwa likijaa dirishani, programu ikajifungua.

"Odi!"

"Karibu." Ulimi ulikuwa mwepesi kuliko akili.

Siku ya tatu alishusha sauti ya spika mpaka mwisho. Akakaa mbele ya kioo cha kompyuta akitazama. Saa ileile kile kijistari cha sauti kikaanza kupanda, kimoja, kingine, kingine, polepole kama mtu mwenye magoti mabovu anayepanda ngazi. Kikafika juu. Odi. Naye akaitika.

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka ndagala. Mwanzoni ilikuwa harufu nzuri, ya samaki walioanikwa juani na kikwembe, kile kitenge cha mama, kilichofungwa sarafu pembeni, na Lina alisimama katikati ya sebule akivuta pumzi na macho yamefumba. Siku ya nne aliandaa vikombe viwili. Hakumwambia mtu.

Hata hivyo alijaribu kuitengeneza mashine, maana alijua si jambo la kawaida. Kwenye mtandao watu walikuwa wameandika juu ya programu zinazojifungua zenyewe. Mmoja alishauri kuiondoa kabisa na kuiweka upya, na mwishoni akamtakia kila la heri yeyote atakayesoma, jambo lililomgusa Lina zaidi ya ushauri wenyewe. Akaiondoa. Akazima, akawasha, akaiweka upya. Programu ikakagua mashine nzima, ikakusanya nyimbo, ikazipanga. Kwaya zote zilikuwepo. Jumbe za mama zilikuwa thelathini na tano.

Akahesabu tena kwa kidole kwenye kioo. Thelathini na tano. Nne za mwisho zilikuwa na tarehe za wiki hii. Mara nne alikuwa amesema karibu, na jumbe zilikuwa nne.

Akazifungua.

"Aksanti, nimeingia," ilisema ya kwanza.

"Nimeikaa. Kiti yenu muzuri."

"Huku munaishi peke yenu sana, mwanangu."

Na ya nne, ambayo nyuma yake alisikika mtoto akibwabwaja, Abigaël mwenyewe, kwa ile sauti yake ya asubuhi: "Mutoto iko na mikono ya moto. Yangu iko baridi."

Angepaswa kuing'oa mashine ile na kuitupa barabarani. Lakini ilikuwa sauti ya mama, na ilikuwa imesema kweli, kwamba waliishi peke yao sana. Siku ya tano akaitika. Wiki ikapita, akaitika. Jumbe zikafika arobaini na mbili. Harufu ya ndagala ikaanza kugeuka, ikawa ya samaki waliosahauliwa ndani ya mfuko, kisha ya tope la chini ya ziwa, na asubuhi zulia lililo mbele ya kompyuta lilikuwa limelowa pale ambapo hakuna aliyemwaga kitu. Abigaël akaacha kumlilia mama yake. Alipoamka alitambaa moja kwa moja hadi kwenye spika, akaziwekea shavu, akasema, "Koko."

Neno hilo, la kumwita bibi, hakuna aliyemfundisha.

Siku hiyo Lina aliing'oa plagi ukutani. Akauzungusha waya, akaufungia kabatini, akaenda jikoni kumpashia mtoto uji, na alipokuwa akikoroga aligundua kwamba amekuwa akikisikiliza kimya cha sebuleni, na kwamba kimya kile hakikuwa kitupu bali kilikuwa na pumzi ndani yake, pumzi nzito ya mtu aliyekwisha kupanda ngazi na sasa amesimama, basi akaliacha sufuria motoni na kwenda sebuleni kwa hatua ambazo hakuzisikia mwenyewe, akamwona Abigaël mbele ya kioo cheusi, ameinua mikono kama ainuavyo anapotaka kubebwa, anacheka, na makwapa yake yamebonyea kana kwamba yameshikwa, na visigino vyake, visigino vile viwili vidogo vyenye soksi za njano alizoletewa na Wivina, havigusi zulia.

"Nipe nimubebe," zikasema spika zisizo na umeme. "Wewe umechoka, mwanangu."

Lina alimnyakua mtoto. Mikono ya Abigaël ilikuwa ya baridi, na ilinuka ziwa.

Asubuhi alipanda basi hadi Matonge, mtaa wa Wakongo mjini humo. Ndani ya Galerie d'Ixelles, katikati ya saluni za kusuka nywele, kulikuwa na kibanda cha Papa Radjabu, mzee wa Kasongo aliyetengeneza simu na kompyuta. Watu walisema baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani, na kwamba yeye mwenyewe kuna vitu anavyovitoa ambavyo si virusi. Alimsikiliza Lina hadi mwisho bila kumkatiza, akamsogezea mtoto biskuti.

"Alipiga odi, ukamujibu?"

"Nilimujibu, papa. Ni mazoea."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

Mzee akakuna ndevu. "Muzungu angesikia odi, angeuliza ni nani. Siye tunasema karibu kwanza, kisha tunauliza. Donc ile kitu haikuvunja mlango, binti yangu. Ni mugeni wako."

"Si maman?" Lina aliuliza kwa kunong'ona, na Papa Radjabu, aliyesikia namna alivyouliza, akashusha sauti.

"Maman yako angeomba kubeba mutoto kwa mikono ya baridi? Angeipasha kwanza. Ile ni jini. Imevaa sauti yake kama kikwembe."

Akafunga kibanda chake mchana kweupe, akaenda nao.

Sebuleni aliichomeka kompyuta, akaikagua kama fundi. "Programme iko muzima. Mashine iko muzima." Kisha akageuka. "Mugeni uliyemukaribisha hafukuzwi, anasindikizwa. Lakini haendi akiwa bado na nguo humu. Utafuta sauti zote. Zote, binti yangu. Na utafuta wewe, kwani wewe njo ulimukaribisha."

"Papa, picha zake niko nazo. Sauti sina ingine."

"Ninajua."

"Nikifuta, atakuwa amekufa."

"Alisha kufa, mwanangu. Na huyu ni mutoto ya mutoto yake." Akamchukua Abigaël, akaenda naye dirishani, akampa Lina mgongo ili alie bila kutazamwa. Huko akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kumwongoa mtoto na kusoma dua kwa pamoja.

Lina alifuta kwanza zile kumi na moja ambazo hazikuwa za mama. Kisha akaanza za mama, kutoka ya kwanza. Programu ilikuwa na tabia ya kucheza kidogo kila faili uliloligusa. "Odi..." Akafuta. "Odi..." Akafuta. Alikuwa amekunja midomo ndani ya meno ili asijibu. Mara thelathini mama yake alipiga hodi, na mara thelathini hakumfungulia.

Ikabaki ya thelathini na moja. Hiyo Lina aliikumbuka. Siku ile yeye ndiye aliyetangulia kupiga hodi, kwa utani, na mama akajibu huku akicheka: "Karibu, mwanangu, karibu! Nani anapiga odi kwake mwenyewe?"

Haina hodi, Lina akawaza. Hii haiombi kuingia. Hii haiwezi kumdhuru mtu.

Papa Radjabu alikuwa bado ameangalia dirisha. Lina akaituma kwenye simu yake, akaifuta kwenye kompyuta, akaisukuma simu chini ya mto wa kitandani.

"Zote?" mzee aliuliza.

"Zote, papa."

Giza la jioni lilipoingia, wakatoka. Papa Radjabu alitangulia na mtoto ndani ya koti lake, Lina akafuata, na nyuma ya Lina hakukuwa na mtu. Alikatazwa kugeuka. Aliambiwa azungumze, kama mtu anavyomtoa mgeni hadi barabarani.

"Aksanti kwa kutuangalia," Lina alisema gizani, akishuka ngazi. "Usalimie ba kule. Ngazi ni mingi, angalia." Na nyuma yake, kwenye lami kavu, zilimfuata nyayo zilizolowa, chwaa, chwaa, hadi kituo cha tramu. Tramu ikaja, milango ikafunguka, hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepanda, milango ikafungwa. Ilipoondoka, kioo cha dirisha moja, penye kiti kitupu, kilikuwa kimeingia ukungu kana kwamba kuna mtu anakihemea.

"Imeenda," alisema Papa Radjabu, akamrudishia mtoto, akamfunga Lina skafu yake mwenyewe shingoni, akangoja tramu inayofuata.

Nyumba haikunuka kitu. Lina akawasha kompyuta, akafungua kwaya, wimbo ukaimba hadi mwisho bila kukatika, na wa pili, na wa tatu. Abigaël alikaa kwenye zulia, akamnyooshea yeye mikono. Ilikuwa ya moto. Lina akaibusu kidole kwa kidole.

Mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu.

"Lina? Ni mie, Wivina."

Akafungua akicheka na machozi yakimtoka. Bibi alikuwa amesimama kando ya ngazi na sufuria la supu, limefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi, na Lina akatoka hatua mbili nje kumpokea kwa mikono miwili.

"Nilipanda nayo saa ile ingine, ikanipolea, nikarudi kuipasha," alisema Wivina kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kilichonyooka na cha zamani. "Hukuniambia mama yako amefika! Nilipiga hodi, akanijibu kutoka ndani, karibu, karibu, lakini hakufungua. Labda magoti yanamuuma. Anacheka vizuri, mama yako."

Sufuria lilikuwa linamuunguza Lina viganja na hakulihisi. Nyuma yake kwaya ilikatika katikati ya wimbo. Akageuka. Kupitia mlangoni alimwona Abigaël kwenye zulia, amempa kisogo, ameangalia chumba cha kulala, na mikono yake miwili inapanda juu taratibu.

"Koko," mtoto alisema.

Mlango ukaanza kujifunga bila haraka, kama unavyofungwa na mwenye nyumba jioni. Lina akausukuma kwa bega, haukukubali. Ukagota. Kutoka ndani ikaja sauti ile aliyoificha, yenye furaha, ya mama yake mwenyewe:

"Karibu, mwanangu, karibu! Nani anapiga odi kwake mwenyewe?"

Lakini Lina alikuwa hajapiga. Ndani kukawa kimya, kimya cha mtu anayengoja apigiwe hodi. Wivina akamshika mkono, akiuliza kitu ambacho Lina hakukisikia. Akaliweka sufuria chini. Akaliegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango wake, akainua kidole, akagonga.

"Odi," akasema.