Kona Iliyotitia

Siku treni ya Kaliua inapoingia, stesheni ya Mpanda haina mwenyewe. Bodaboda wanagombea abiria, bajaji zinapiga honi bila sababu, na kila mtu anavuta mzigo wake akihofia umeshapata mwenyewe mwingine. Skolastika alikuwa katikati ya vurugu hiyo, kavaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, likamkaa vizuri kiunoni. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko, na alikuja kupokea robota la vitambaa kutoka Tabora. Uso wake haukuwa wa kucheka na mtu.

Robota liliposhushwa, mkono wa mwanamume ulilidaka kabla yake.

"Acha mzigo wangu," alisema Skolastika.

"Nakusaidia tu, dada."

"Nani kakuomba?"

Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu bahari limenyooka kana kwamba hakulala nalo kwenye behewa. Begani alikuwa na mkoba, na mdomoni mwa mkoba ilichungulia pima maji, ile ya kuangalia kama ukuta umesimama sawa. Skolastika alipoiona, uso ukazidi kukunjamana.

"Wewe ni fundi ujenzi?"

"Nikikubali utanipiga?"

"Sijaamua."

Kijana akacheka, akalibeba robota hadi kwenye bajaji. Alisema anaitwa Lyamba, ni fundi sanifu wa majengo, amemaliza kazi Tabora na sasa anarudi nyumbani kutafuta nyingine. Kisha akauliza mafundi wamemkosea nini. Hilo ndilo swali ambalo mtu hakutakiwa kumuuliza Skolastika mwaka ule, maana jibu lake lilikuwa refu.

Alikuwa amejenga nyumba Ilembo, hapo hapo Mpanda, vyumba viwili na sebule, jasho lake la miaka sita ya kukanyaga cherehani. Mwezi wa nane baada ya kuhamia, kona ya nyuma ilianza kutitia. Ufa ukapanda kutoka kwenye msingi hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na chumba chenyewe ndicho alichokuwa akilala mama yake, mwanamke mwenye miguu mibovu asiyeweza kukimbia hata nyumba ikidondoka. Wageni walioingia walimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza kuukumbuka msemo huo. Fundi aliyejenga, mzee Ambrosi, alikuja mara moja, akapaka saruji juu ya ufa, akaondoka na kuacha kupokea simu. Skolastika akapeleka malalamiko kwa mtendaji wa kata. Alichodai ni kimoja: kona ibomolewe na ijengwe upya kwa gharama ya fundi, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Kikao kilikuwa kimepangwa baada ya wiki tatu.

Lyamba alisikiliza kimya, hata pale lilipotajwa jina la Ambrosi. Mwishoni akasema atakuja kuutazama huo ukuta, bure. Skolastika alijua kwamba bure ghali. Lakini mtaalamu wa kumsemea mbele ya mtendaji hakuwa naye, kwa hiyo akamwelekeza njia.

Alikuja Jumamosi. Hakupaka wala kugonga kitu. Alikata kipande chembamba cha kioo, akakibandika kwa saruji kukatisha ufa, akaandika tarehe pembeni. Alieleza kwamba ukuta ukiwa bado unatembea, kioo kitapasuka. Kikapasuka siku ya tatu. Akabandika kingine, na tangu hapo simu yake ikawa inaita kila asubuhi kabla Skolastika hajanywa chai.

"Kioo kimeamkaje?"

"Kioo kimeamka salama. Mimi huniulizi?"

"Wewe nilikuwa nakuwekea mwisho, mpenzi. Kizuri hakiliwi kwanza."

"Nani mpenzi wako?"

"Basi niambie jina la kukuita, maana mafundi cherehani nawaogopa. Wana mikasi."

Skolastika alikata simu akitabasamu peke yake, halafu akajikasirikia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa na fundi. Hata hivyo alimpenda. Alipenda jinsi alivyomwamkia mama yake kwa kuinama, jinsi alivyokula viazi vitamu vya moto bila kulalamika, na jinsi alivyoweka kiganja ukutani kwa upole kama anampima mtoto homa. Wiki ya pili alianza kuchagua nguo ya Jumamosi tangu Alhamisi.

Jumamosi ile Lyamba alisema anataka kuchimba pembeni ya msingi, aone umesimama juu ya nini. Skolastika akatamani kumzuia.

Maana yeye alijua. Kabla ya nyumba, kwenye kona ile palikuwa na kichuguu kikubwa, na Ilembo nzima inajua kuwa udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali gumu. Aliweka vijana wafyatue tofali zake pale pale kiwanjani. Walikimaliza kichuguu, wakaendelea kuchimba chini hadi shimo likamfikia mtu kifuani. Tanuru lilipozimwa, yeye Skolastika mwenyewe alisimamia kulijaza lile shimo kwa vipande vya tofali na majivu, wakashindilia kwa miguu. Ambrosi alipokuja, majani yalikuwa yameshaota juu yake. Skolastika hakumwambia, akihofia angepandisha bei ya msingi. Na ufa ulipotokea hakumwambia mtu yeyote, akijifariji kwamba kupima ardhi ni kazi ya fundi, si ya mwenye nyumba.

Angekataa, Lyamba angeuliza kwa nini. Akamruhusu. Lyamba alichimba hadi kiunoni, akatoka na majivu kwenye suruali, akanawa mikono taratibu. Alisema tu kwamba fundi hakufika kwenye ardhi ngumu. Skolastika alimchunguza usoni, hakuona kitu.

Jumatatu iliyofuata Kija, msichana anayemsaidia kibandani, alimwona Lyamba akipita sokoni. "Yule si mtoto wa dada yake mzee Ambrosi?" alisema huku akikata uzi. "Kalelewa pale pale kwao."

Skolastika alisimamisha cherehani. Akapiga simu.

"Ambrosi ni nani yako?"

"Ni mjomba wangu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha."

"Ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Ningekwambia stesheni, ungeniruhusu kugusa ukuta wako?"

"Alikutuma unilainishe nifute kesi."

"Hajui hata kama nakuja kwako. Skola, nisikilize."

"Nimekusikiliza wiki tatu. Njia ya mwongo ni fupi, Lyamba." Akakata, akalia hadi kitambaa cha mteja kikalowa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba jina la Lyamba alikuwa ameshaliandikisha kwa mtendaji kama shahidi wake, na kikao kilikuwa kesho yake.

Aliingia ofisini kwa mtendaji amevaa gauni jeusi, akiwa na hakika kwamba amekwenda kuuzwa. Mzee Ambrosi alikuwa amekaa upande wa pili, koti zito juu ya kanzu na kofia kwenye kichwa chake chenye mvi, akimtazama mpwa wake kwa mshangao. Mtendaji, mama mmoja mwenye miwani, alimwita Lyamba aseme alichokiona.

"Msingi wa kona umesimama juu ya kifusi," alisema Lyamba. "Vipande vya tofali na majivu. Fundi alichimba futi mbili akaanza kujenga, hakupima kama amefika kwenye ardhi ngumu. Hilo ni kosa la fundi."

Ambrosi hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi ndiye niliyekununulia daftari, mpwa wangu," alisema. Kisha akamgeukia mtendaji. "Mama, mimi nilikuta majani. Hicho kifusi kiliwekwa na nani?"

Mtendaji akamuuliza Lyamba kama anajua.

"Nilichokiona ni kifusi," alijibu. "Sikuwepo kilipowekwa."

Alisema hivyo akitazama meza. Hakumtazama Skolastika hata kidogo, na hapo Skolastika akaelewa kwamba anajua yote. Majivu ya tanuru kwenye kiwanja cha mtu, nani mwingine angeyaweka? Alikuwa amejua tangu alipotoka shimoni, na sasa alikuwa amemkosea adabu mtu aliyemlea, kwa ajili ya mwanamke aliyemwita mwongo. Angekaa kimya, kona ingejengwa yote kwa gharama ya yule mzee. Ushindi ulikuwa mezani, kilichobaki ni kuunyooshea mkono tu. Nyani haoni kundule, na miezi yote hiyo Skolastika alikuwa akiyatazama ya wenzake.

Akasimama.

"Niliweka mimi," alisema. "Palikuwa na kichuguu, nikakimaliza kwa tofali, shimo nikalijaza. Nilijua, nikanyamaza."

Mtendaji alivua miwani. Walizungumza saa nzima, na mwisho wakaandikiana: Ambrosi atabomoa na kujenga upya bila ujira, Skolastika ataleta vifaa, kazi ianze Alhamisi.

"Ungeniambia, binti, ningechimba hadi chini," alisema mzee wakati wa kutia saini.

"Na wewe ungepima, baba, usingengoja kuambiwa."

Mzee akaguna, akakubali kwa kichwa. Lyamba alikuwa ameshatoka. Skolastika alimtafuta nje, hakumwona, na siku tatu hakuwa na uso wa kumpigia.

Ijumaa simu iliita yenyewe.

"Nilienda kwa mjomba kumwomba radhi," alisema Lyamba. "Amenisamehe. Anasema nilisema kweli, ila ningemwonya kwanza asubuhi."

"Na mimi naomba radhi," alisema Skolastika. "Nilikuita mwongo, na mwongo nilikuwa mimi."

"Tulificha wote, mpenzi. Sasa sikia, sitaki kuficha tena. Nataka kuleta barua kwa mama yako. Ila kwetu barua ya posa anaipeleka mjomba."

"Mjomba gani?"

"Ninaye mmoja tu."

Skolastika alichungulia dirishani. Mzee Ambrosi alikuwa shimoni, amevua koti, akidunga ardhi kwa mtarimbo.

"Mwambie alete. Lakini amalize kona kwanza, mama arudi chumbani kwake."

"Bado humwamini?"

"Namwamini. Nimekaa hapa dirishani tangu asubuhi kuhakikisha."

Lyamba alicheka. "Na mimi je?"

"Wewe," alisema Skolastika, "nilikuamini pale kwa mtendaji, ulipokataa kuniangalia."